Je, Wajua? Gari, Godoro na Mbwa

Sogea kidogo, benchi hili la Ngokolo, Shinyanga, linatosha watu wanne. Leo Ijumaa, haisi iko chini ya mwarobaini, godoro limeshakunjwa nyuma, jiko la mkaa na sufuria vimepangwa, na mbwa wetu Simba keshapanda kiti cha mbele kama yeye ndiye mwenye leseni. Kesho alfajiri tunaelekea ziwani, tulale humo humo garini mpaka Jumapili. Kabla hujaniuliza nani alianzisha mambo haya ya kutembea na nyumba, ngoja nikuambie.

Je, wajua kwamba anayetajwa sana kuwa mtu wa kwanza kuzurura na nyumba ya magurudumu kwa starehe tu alikuwa Mskoti? Ni Dakta Gordon Stables, tabibu mstaafu wa jeshi la majini. Mwaka 1885 alifunga farasi 2 kwenye gari la mbao lenye uzito wa karibu tani 2, akatoka Twyford, kusini mwa Uingereza, mpaka Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Na unajua alipakia nini? Kasuku mmoja na mbwa mkubwa, manyoya tele, aitwaye Hurricane Bob! Mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu 3 kuwaambia watu barabarani wakae pembeni, nyumba inakuja.

Piga teke hilo tairi. Upepo uliomo ni kazi ya daktari wa mifugo! John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa akitibu wanyama mjini Belfast, alimtengenezea mwanawe tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu 3, akasajili ubunifu huo mwaka 1888. Kumbe Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameshausajili mwaka 1845, dunia ikausahau. Kwa hiyo tairi la upepo limebuniwa mara 2, na mara zote 2 na Mskoti. Mwambie fundi pancha wako uone atakavyokuangalia.

Na ile namna ya kujenga barabara kwa kokoto ndogo zilizoshindiliwa? John Loudon McAdam, mzaliwa wa Ayr. Uskoti tena!

Sasa hii shikilia benchi. Mlima mrefu kuliko yote Uskoti na Uingereza nzima, Ben Nevis, una mita 1,345. Maji ya Ziwa Nyanza yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Yaani mvuvi aliyekaa ndani ya mtumbwi, miguu imelowa, amepungukiwa mita 211 tu kufika kilele ambacho Waingereza wanakipanda siku nzima na fimbo mkononi! Hata sisi hapa Shinyanga, tumekaa tu na kahawa yetu, tuko zaidi ya mita 1,100.

Tukishika njia ya Mwanza tutapita Maganzo, na hapo nitapunguza mwendo, kwa sababu Mwadui iko jirani. Shimo lile la almasi lilijulikana mwaka 1940 kwa juhudi za mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson. Ule mwamba wenye almasi umetanda hekta 146: viwanja vya mpira 200, vikipangwa kimoja kimoja! Mwaka 1947 likaokotwa humo jiwe la waridi la karati 54.5. Unaona kubwa? Ni gramu 11 tu. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi, likakatwa likabaki karati 23.6, likawa moyo wa ua la kubandika kifuani.

Subiri, mbwa yuko wapi kwenye habari hii? Yupo! Elizabeth alikuwa na mbwa mfupi wa miguu, Susan, aliyepewa mwaka 1944 alipotimiza miaka 18. Siku ya harusi ile ile iliyoletewa almasi ya Mwadui, Susan alifichwa chini ya blanketi kwenye gari la farasi, akaenda fungate na maharusi. Fungate hiyo iliishia wapi? Uskoti, katika nyumba ya Birkhall. Baadaye Malkia alifuga mbwa wa aina hiyo zaidi ya 30, wengi wao kizazi cha Susan. Simba, umesikia? Wenzako walipelekwa fungate.

Tukitoka kwenye almasi, twende kwenye dhahabu. Mtu wa Geita akikwambia rashi ya dhahabu ni mambo ya huku tu, mcheke. Mwaka 1869 bonde la Kildonan, kaskazini mwa Uskoti, lilivamiwa na mamia ya wachimbaji na makarai yao. Vibanda vikaota, mahali pakaitwa Baile an Or, Mji wa Dhahabu kwa lugha ya kwao. Wafugaji wa kondoo na wawindaji wakalalamika, mwenye ardhi akafunga kazi mwaka ulipoisha. Wasafiri hadi leo huomba kibali, wakaegesha gari na kuosha mchanga kwa mkono. Kazi yenyewe unaijua wewe: mgongo unauma, karai linang'aa, mfuko mtupu.

Na ukitoka Mwanza kwenda huko Geita sasa unapita juu ya maji: Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3! Lilifunguliwa Juni 19, 2025, na linaitwa Daraja la J. P. Magufuli. Ile foleni ya kivuko tuliyokuwa tukinunua mahindi ya kuchoma mpaka tunashiba, sasa ni dakika chache tu na Simba hata hajamaliza kubweka.

Ziwa Nyanza lina kilomita za mraba karibu 68,800, na Uskoti wote ni kama 78,000. Basi ziwa letu lingekaribia kuimeza nchi nzima. Lakini usijivune bado! Loch Ness, kiziwa chembamba cha Uskoti chenye kilomita za mraba 56 tu, kina kina cha mita 230. Nyanza, na ukubwa wake wote, ni mita 80 hivi. Je, Tanganyika? Mita 1,470. Simamisha Ben Nevis chini ya Tanganyika, kilele hakitaonekana, na meli itapita juu yake bila kugusa kitu.

Hata jua la Uskoti halitulii: Juni mjini Edinburgh linazama saa 4 usiku. Desemba linazama kabla ya saa 10 jioni. Hapa kwetu kuku wanalala saa ile ile mwaka mzima.

Turudi garini kwetu. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, gari lililofungwa vioo hufika nyuzi 34 ndani ya dakika 10, na 43 ndani ya nusu saa. Nyuzi 24 Shinyanga tunaita baridi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Simba hatabaki garini hata tukienda kununua sato.

Serengeti na Rubondo hatumpeleki, mbwa hawaruhusiwi hifadhi za taifa. Unafikiri ni roho mbaya? Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua simba wa Serengeti wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya wote. Simba wa kweli, si huyu.

Mbwa wa safari si Simba peke yake. Livingstone, Mskoti mwingine, yule mmisionari aliyezunguka Afrika, alikuwa na kambwa kaitwako Chitane. Katika msafara kalijipa unyapara: kalikimbia mbele kumwona mtu wa kwanza, kakarudi nyuma kumbwekea wa mwisho aongeze mwendo. Kalikufa maji Januari 1867 wakivuka kinamasi, katika Zambia ya leo.

Na hii ya mwisho, maana mkaa haujanunuliwa. Mbwa mwitu wa Afrika wanapiga kura kwa chafya! Watafiti waliowachunguza Botswana walieleza hivyo mwaka 2017: chafya zikiwa nyingi, kundi linaondoka kuwinda. Mkubwa akianzisha safari, chafya kama 3 zinatosha. Akianzisha mdogo, zinahitajika kama 10. Sasa sikia, huyo Simba huko mbele amepiga chafya ya 4. Lete funguo.