Bucha na Hoteli Kidete: Ukaguzi wa Afya Uhesabiwe Kwenye Mtaji

Mfanyabiashara anayekusudia kufungua bucha au hoteli ya chakula Kidete, wilayani Kilosa, hana budi kuuhesabu ukaguzi wa afya miongoni mwa gharama zake tangu siku ya kwanza, kama anavyohesabu pango, mkaa na mishahara.

Kwenye nyama ndiko fedha hupotea haraka. Mkaguzi humtazama ng'ombe mara mbili, akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Mara hii ya pili hupasua maini kutafuta minyoo, hukagua mapafu kwa kuhofia kifua kikuu, na huchana misuli kutafuta vifuko vya tegu. Kinachofaa hupigwa muhuri. Kisichofaa huharibiwa, na hasara humwangukia mwenye ng'ombe. Kwa hiyo anayenunua mnadani kwa kutazama unono peke yake anacheza bahati nasibu, kwani maini, ambayo wateja huyawahi asubuhi, ni miongoni mwa vinavyotupwa mara nyingi.

Mvua nazo zitazamwe. Mafuriko yamekwisha kukata reli ya kati mara kadhaa baina ya Kilosa na Gulwe, na mvua za aina hiyo huzalisha mbu wanaoeneza Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 homa hiyo iliikumba Morogoro, Kilosa ikiwamo, na watu zaidi ya 100 walifariki nchini. Wanunuzi waliikimbia nyama ya ng'ombe wakahamia kuku na samaki. Hofu kama hiyo ikiingia sokoni, mwenye bucha hana cha kumwonyesha mteja isipokuwa muhuri.

Kwa hoteli na mamantilie, mkaguzi ni afisa afya wa halmashauri, ambaye wengi bado humwita bwana afya. Huangalia choo, maji, mahali pa kunawa, taka na ufunikaji wa chakula, kisha hudai vyeti vya wapishi, ambao hutakiwa kupimwa afya kila miezi 6. Dosari ndogo huandikiwa ilani yenye muda wa kurekebisha; kubwa huweza kufunga jiko au kumfikisha mwenyewe mahakamani.

Hata hivyo, usafi wa mtu mmoja si kinga kamili. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, halmashauri kadhaa zilipiga marufuku vyakula vya barabarani, na marufuku haibagui msafi na mchafu. Mwenye akiba ya wiki mbili tatu ndiye hupumua.

Aidha, usajili wa majengo ya chakula ulihamia TBS mwaka 2019, kutoka iliyokuwa TFDA. Anayedai ada kwa jina la TFDA aulizwe kwanza kitambulisho, na fedha zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi.