AFYA YETU: Kipimo cha Maji Kinapodanganya

Ukilamba ndimu ulimi unajua mara moja kuwa ni chachu. Ukionja maji ya magadi, ulimi unajua kuwa hayo ni ya namna nyingine. Lakini maji ya bomba hayawezi kupimwa kwa ulimi. Mtambo wa maji una chombo maalumu cha kuyapima. Leo tujifunze chombo hicho, maana kikidanganya, afya zetu ziko hatarini.

pH ni nini?

Uchachu wa maji hupimwa kwa hesabu inayoitwa pH. Tunatamka "pi-echi". Aliyeianzisha ni Sørensen, mtaalamu wa Denmark, mwaka 1909. Alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia.

Kwa kawaida hesabu huanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Maji ya 7 si machachu, wala hayana hali ya magadi. Chini ya 7 kuna asidi, yaani uchachu. Juu ya 7 kuna alkali, yaani hali ya magadi. Maji ya ndimu ni karibu 2. Maji ya Ziwa Tanganyika ni karibu 9.

Kumbuka jambo moja. Kila hatua ni mara 10. Maji ya 6 yana uchachu mara 10 kuliko maji ya 7. Maji ya 5 ni mara 100. Kwa hiyo kosa la hatua moja si kosa dogo.

pH na afya

Klorini huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini pH ikipanda, klorini hulegea. Katika maji ya 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali kali ya kuua vijidudu. Katika maji ya 8.5, ni karibu sehemu 1 tu katika 10. Dawa imetiwa, lakini nguvu yake imepungua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri pH iwe chini ya 8 maji yanapotiwa klorini.

pH ikishuka sana, maji hutafuna mabomba ya madini. Mwezi Julai 1988, karibu na mji wa Camelford, Uingereza, dereva alimimina tani 20 za dawa ya kutuliza tope katika tangi lisilo lake. Maji yakawa na asidi. Yakatafuna mabomba, na madini ya shaba yakaingia katika maji ya kunywa. Watu walipata vidonda vya mdomo na vipele. Wengine nywele zao ziligeuka rangi ya kijani.

Matatizo ya chombo

Chombo cha kupimia pH ni kijiti chenye tufe dogo la kioo chembamba mwishoni. Tufe likiguswa na maji, hutoa umeme mdogo sana. Umeme huo hupita katika waya mpaka kwenye mashine inayoonyesha namba.

Mafundi wa mitambo hupata taabu nyingi na kijiti hiki:

1. Tope, ukungu na chokaa hukiganda. Hapo huchelewa kusema, au husema uongo.
2. Kikikauka huharibika. Hata kikiwa stoo, ncha yake lazima ikae katika maji yake maalumu yenye chumvi.
3. Huzeeka. Hata kikitunzwa vizuri, mwisho wake hubadilishwa.
4. Unyevu ukiingia kwenye kiungo cha waya, ule umeme mdogo hupotea. Waya ukipita karibu na mota ya pampu, namba hurukaruka.

Sasa sikiliza hatari yenyewe. Maji yakiwa 7, kijiti hakitoi umeme. Kwa hiyo tufe likivunjika, au waya ukilowa, mara nyingi mashine huonyesha 7! Chombo kimekufa, lakini namba ni nzuri. Msimamizi huiona, akaridhika. Maji mabaya huendelea kwenda kwa watu.

Vipimo vya dijitali

Siku hizi kuna vijiti vya dijitali. Ndani ya kichwa chake kuna kompyuta ndogo. Hiyo hugeuza umeme kuwa namba palepale, kabla ya kupita kwenye waya. Waya ukilowa, namba haigeuki kuwa uongo. Ama hufika sawa, ama haifiki kabisa na fundi huonywa.

Tena kijiti hukumbuka jinsi kilivyosahihishwa. Fundi hukisahihisha mezani, mahali pakavu, kisha hukipeleka kwenye tangi. Zamani alifanya kazi hiyo kwenye mvua na upepo.

Lakini kijiti cha dijitali nacho kina tufe la kioo. Tope hukiganda vilevile. Nacho huzeeka. Bado kinahitaji mtu wa kukiosha na kukisahihisha.

Tufanye nini?

Sisi wakulima tunaijua mizani mbovu. Mizani hupimwa kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Kijiti cha pH nacho hupimwa kwa maji maalumu ambayo pH yake inajulikana, kama 4, 7 na 10. Kikionyesha 7 katika maji ya 4, hicho hakifai.

Kamati ya maji yenye mtambo wa namna hii imwulize fundi:

- Kijiti kilioshwa lini?
- Kilisahihishwa lini, na je, imeandikwa kwenye daftari?
- Je, namba yake hulinganishwa na karatasi au dawa ya rangi ya kupimia pH?

Maji yakibadilika rangi au ladha ghafla, msiyanywe. Toeni habari upesi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi asidi wala madini.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini namba 7 peke yake haitoshi kutuambia kuwa maji ni mazuri?
2. Kijiti cha dijitali huondoa taabu zipi? Zipi hubaki?
3. Katika kijiji chetu, nani hukagua maji yetu, na kwa chombo gani?