Mgeni, ng'ombe na njia ya mlimani: Hesabu za bonde la Stubai

KILA kiangazi wafugaji wa bonde la Stubai, lililo kusini magharibi mwa mji wa Innsbruck nchini Austria, hupandisha ng'ombe wao kwenye malisho ya milimani. Miezi hiyo hiyo wageni wengi hupita katika malisho hayo kwa miguu, shanta mgongoni. Kwa mfugaji, wageni hao ni soko la maziwa, jibini, chakula na vitanda. Lakini wanaweza pia kumletea kesi itakayomfilisi.

Ndivyo ilivyokaribia kutokea katika Pinnistal, bonde dogo ambalo ni tawi la Stubai. Julai 28, 2014, mwanamke kutoka Ujerumani alikuwa akitembea huko na mbwa wake, kamba ya mbwa akiwa ameifunga kiunoni. Ng'ombe wenye ndama walimvamia na kumuua. Mume na mtoto wa marehemu walikwenda mahakamani kudai fidia.

Februari 2019, mahakama mjini Innsbruck ilimtwika mfugaji lawama yote. Fidia pamoja na malipo ya kila mwezi kwa familia vilikadiriwa kufikia karibu euro 490,000. Mfugaji alikuwa ameweka kibao cha onyo, lakini mahakama ilisema hakikutosha. Mahali hapo, penye wapita njia wengi na karibu na mgahawa, palihitaji uzio. Mfugaji alikata rufaa, na mwaka huo huo kosa likagawanywa nusu kwa nusu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Austria ikaridhia mgawanyo huo.

Safari hupangwaje

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini safari ya milimani haianzii njiani, bali huanza nyumbani, kwa hesabu.

Jambo la kwanza ni msimu. Nyumba nyingi za kulala wageni juu ya bonde hilo hufunguliwa kuanzia Juni na kufungwa kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Kabla ya hapo theluji huziba njia za juu. Vitanda huwekewa nafasi mapema, na ni busara kubeba fedha taslimu.

Jambo la pili ni muda. Wapanda milima wa Alps hutumia kanuni rahisi: saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, saa moja kwa kila mita 500 za kushuka, na saa moja kwa kila kilomita 4 za mwendo. Ukishapata muda wa kupanda na kushuka, na muda wa umbali, unachukua ule mkubwa na kuuongezea nusu ya ule mdogo. Mathalani, njia ya kilomita 8 inayopanda mita 900 ina saa 3 za kupanda na saa 2 za umbali. Jumla yake ni saa 4, mbali na mapumziko. Kwa kuwa radi hupiga zaidi alasiri, mwenye hesabu hiyo huondoka alfajiri.

Jambo la tatu ni mifugo. Msafiri hutakiwa kufuata njia, kufunga mageti anayopita, kutogusa wala kulisha ndama, na kuwazunguka ng'ombe kwa mbali. Mbwa afungwe kamba, lakini ng'ombe wakishambulia aachiwe mara moja, kwa sababu wanamfukuza yeye. Kamba iliyofungwa kiunoni haiachiki kirahisi.

Namba ya dharura ya milimani nchini Austria ni 140. Ile ya Ulaya nzima ni 112.

Sheria ikabadilika

Hukumu ya kwanza iliwashtua wafugaji. Baadhi yao walisema wangefunga njia zinazopita kwenye malisho yao, jambo ambalo lingeumiza pia hoteli na maduka ya bondeni. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni 10 za mwenendo kwa wageni wa malishoni na kurekebisha sheria ya madai. Sasa mfugaji anayefuata viwango vinavyotambulika vya kutunza mifugo malishoni anaweza kuvitegemea katika utetezi wake, na mgeni naye anatarajiwa kubeba wajibu wake.

Utalii huo una mizizi mirefu. Padri Franz Senn, aliyefariki Neustift, Stubai, mwaka 1884, alihimiza ujenzi wa njia na nyumba za wageni ili wakulima maskini wa milimani wapate kipato cha ziada. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Milima cha Ujerumani mwaka 1869. Nyumba yenye jina lake, iliyo mita 2,147 juu ya usawa wa bahari, bado inapokea wageni.

Somo kwa mkulima

Hapa Tanzania, wageni hupita katika mashamba ya kahawa na migomba ya Marangu na Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Sheria zetu si za Austria, lakini maswali ni yale yale. Njia ni ya nani? Nani anaitunza? Mgeni akiumizwa na ng'ombe au akianguka kwenye mfereji, nani atalipa?

Mkulima anayeuza kahawa, ndizi au chakula kwa wapita njia afanye mambo manne kabla ya msimu. Aweke uzio pale wageni wanapokusanyika. Atenge ng'ombe wenye ndama mbali na njia. Aandikiane na waongoza wageni kuhusu nani anawajibika kwa lipi. Aulizie bima, akiwa peke yake au kupitia ushirika. Gharama hizo zikatwe kwenye mapato ya wageni kabla ya kuhesabu faida, kwani mfugaji wa Pinnistal alizijua hesabu hizo akiwa tayari mahakamani.