Mipaka ya Mada katika Mjadala wa Bunge: Mfano wa Kushika Shilingi

Katika pragmatiki, Grice (1975) aliitaja kaida ya uhusiano kuwa mojawapo ya kaida nne za mazungumzo: mchango wa msemaji sharti uhusiane na jambo linalozungumzwa. Mwenyewe alikiri kwamba ufupi wa kaida hiyo unaficha matatizo mengi. Sperber na Wilson (1986) waliipanua kwa kuutazama uhusiano kupitia juhudi na faida ya msikilizaji. Hata hivyo, msikilizaji wao hufasiri kimyakimya. Bungeni yuko msikilizaji mwenye mamlaka ya kumkatiza msemaji.

Mamlaka hayo hayakuzaliwa katika utulivu. Bunge la Uingereza liliyaingiza katika kanuni zake za kudumu mwaka 1882, baada ya wabunge wa Ireland kurefusha mijadala kwa makusudi. Bunge la Tanzania, lililorithi utaratibu huo, nalo humtaka mbunge ajikite katika hoja iliyo mezani. Mwenzake akisimama na kusema "Kuhusu utaratibu", Spika huamua iwapo mchango umetoka nje ya hoja. Uamuzi huo hautegemei maneno pekee. Malalamiko kuhusu barabara ya jimboni hupokelewa katika mjadala wa jumla wa bajeti. Yaleyale, yakitamkwa Kamati ya Bunge Zima inapopitia muswada mwingine kifungu kwa kifungu, huwa nje ya mada. Kilichobadilika ni upana wa swali.

Jambo hili hudhihirika zaidi katika desturi ya kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, kinachojadiliwa ni vifungu vya fedha, kikiwamo chenye mshahara wa Waziri. Mbunge asiyeridhika na sera hupendekeza mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Hakuna anayedhani kwamba shilingi ndiyo shida. Lakini kwa kuwa mshahara hulipwa kwa kazi, sera ya wizara huwa sehemu halali ya kifungu, na Waziri hulazimika kujibu kabla mbunge hajairudisha shilingi au wajumbe hawajaamua kwa kura. Mbunge huyo hangoji kuambiwa kwamba yumo ndani ya mada, ameiumba.

Kwa hiyo, mtafiti wa Hansard anayepima uhusiano kwa kuhesabu maneno yanayolingana na kichwa cha hoja atamweka mbunge huyu miongoni mwa waliopotoka. Sharti kwanza abainishe Bunge lilikaa kama nini, na swali gani liliwekwa mezani.