Tuiruhusu Kompyuta ya Parokia Ijisasishe Yenyewe

Ofisi nyingi za parokia hutunza ndani ya kompyuta daftari la ubatizo, hesabu za michango ya vigango na orodha ya watoto wanaolipiwa ada na wafadhili. Kumbukumbu hizi ni amana. Katika toleo hili tunaeleza njia mojawapo ya kuzilinda: kuiacha kompyuta isasishe programu zake yenyewe.

Kwa nini kusasisha?

Kila programu huwa na kasoro, na baadhi ya kasoro ni kama mlango usio na komeo. Watengenezaji wakiugundua, hutoa sasisho la kuufunga. Lakini sasisho likishatolewa, wezi nao hujua mlango ulipo. Anayechelewa ndiye huvamiwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017. Mwezi Machi, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba kasoro moja ya Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi WannaCry kilipitia kasoro hiyo hiyo na kuingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili na kudai dola 300 au zaidi ili kuyafungua. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa zilisalimika.

Kamati zifanye nini?

Tunafahamu kwamba wengi husitisha masasisho ili kuokoa bando. Hata hivyo, gharama ya bando ni ndogo kuliko kupoteza kumbukumbu za miaka mingi. Tunashauri yafuatayo:

1. Fungueni Mipangilio na kuhakikisha masasisho hayajasitishwa.
2. Tengeni fedha za bando katika bajeti ya ofisi. Penye kompyuta kadhaa za Windows, zinaweza kugawiana sasisho lililokwisha kupakuliwa.
3. Izimeni na kuiwasha upya kompyuta inapoomba. Masasisho mengi hayakamiliki bila hivyo.
4. Wekeni nakala za kumbukumbu kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni.

Kwa wafadhili wanaotoa kompyuta zilizotumika, tunaomba waangalie kwanza kama bado zinapokea masasisho. Kwa mfano, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaomba kila kamati iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho.