Uigaji wa Galaksi kwa Kompyuta: Maana, Istilahi na Matumizi

Uigaji wa galaksi ni utaratibu wa kujenga ndani ya kompyuta ulimwengu wa hesabu unaotii kanuni za fizikia, kisha kuuacha ujiendeshe ili ionekane kama utazaa galaksi zinazofanana na zile zinazoonekana kwa darubini. Wanafalaki wanauhitaji kwa sababu ya muda. Maisha ya galaksi hupimwa kwa mabilioni ya miaka, na hakuna mtu awezaye kukaa akaitazama moja ikikua. Darubini humwonyesha mfalaki galaksi nyingi, kila moja ikiwa katika umri wake. Hali yake ni kama ya mgeni aliyepita katika shamba la minazi kwa saa moja: ataona miche, minazi inayozaa na vigogo vilivyokatika vichwa, lakini hataona mnazi wowote ukirefuka. Kuziunganisha hatua hizo ndiyo kazi ya uigaji.

Taaluma hii imeingia katika habari za Kiswahili kwa kasi, na baadhi ya maneno yanayotumiwa kuieleza hupotosha maana. Makala haya yanaeleza jambo lenyewe pamoja na maneno yake, kwa kuwa moja haliwezi kueleweka vyema bila jingine.

Uigaji, si usimulizi

Nomino *uigaji* imetokana na kitenzi *iga*, yaani kufanya kama afanyavyo mwingine. Iko karibu na *uigizaji*, iliyotokana na *igiza*, lakini hii ya pili imekwisha kuzoeleka katika michezo ya kuigiza na filamu, hivyo ni vyema iachiwe uwanja huo. Wapo pia wanaotumia umbo la kukopa, *simulesheni*. Umbo hilo linaeleweka na halina kosa, ila limezaa mkanganyiko: baadhi ya waandishi hulifupisha au kulinyambua hadi wakapata *simulizi ya kompyuta* au *usimulizi wa galaksi*.

Matumizi hayo hayafai. *Simulizi* ni nomino ya kitenzi *simulia*, nayo ina maana ya habari inayotolewa na msimulizi ambaye tayari anajua mwisho wake. Katika uigaji hakuna anayeujua mwisho. Mtafiti huweka hali ya mwanzo na kanuni, basi. Matokeo huyasubiri kama mtu mwingine yeyote. Anayeita kazi hiyo *simulizi* humfanya msomaji adhani kwamba wanasayansi wametunga hadithi na kuipamba kwa rangi.

Galaksi, Njia Nyeupe na maziwa

*Galaksi* ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi, vumbi na maada ya giza vilivyoshikanishwa na uvutano. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI: *galaksi hii, galaksi hizi*. Asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lenye maana ya maziwa ya kunywa, kutokana na ule ukanda mweupe uonekanao angani katika usiku usio na mwezi. Ukanda huo ndio galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani. Baadhi ya waandishi huuita *Njia ya Maziwa*, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kusikia kuhusu Maziwa Makuu, neno *maziwa* huweza kuleta picha ya Viktoria na Tanganyika. *Njia Nyeupe* halina utata huo.

Istilahi mbili zaidi zinahitaji uangalifu. *Maada*, yenye irabu ndefu, ni kitu chochote chenye tungamo kinachochukua nafasi; *mada* ni jambo linalozungumziwa. Gazeti likiandika *mada ya giza* litakuwa limezungumzia kitu kingine kabisa. Nao *mwaka wa nuru* ni umbali, si muda: ni takriban kilomita trilioni 9.5, mwendo wa nuru katika mwaka mmoja. Hivyo galaksi ya Andromeda *iko umbali wa* miaka milioni 2.5 ya nuru, lakini hakuna tukio linaloweza *kutokea* miaka milioni 2.5 ya nuru iliyopita.

Kutoka balbu hadi kompyuta kuu

Uigaji wa galaksi ulitangulia kompyuta. Mwaka 1941 mfalaki wa Sweden, Erik Holmberg, alitaka kujua kinachotokea galaksi mbili zinapopishana kwa karibu. Alitambua kwamba nguvu ya uvutano na mwangaza wa taa hupungua kwa kanuni ileile: umbali ukiongezeka maradufu, vyote viwili hubaki robo. Akapanga mezani balbu 74, yaani 37 kwa kila galaksi, akapima mwanga uliofika mahali pa kila balbu kutoka kila upande, kisha akazisogeza kidogo kidogo kulingana na vipimo hivyo. Balbu ziliwakilisha maada, na mwanga ukashika nafasi ya uvutano.

Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar Toomre na Juri Toomre, walifanya hesabu ya namna hiyo kwa kompyuta. Walionyesha kwamba mikia mirefu na madaraja ya nyota yanayoonekana kati ya baadhi ya galaksi yanaweza kuelezwa kwa uvutano peke yake, galaksi hizo zinapokaribiana. Mwaka 2005 uigaji ulioitwa Millennium uliendeshwa Garching, Ujerumani, kwa takriban mwezi mmoja. Ulitumia chembe zaidi ya bilioni 10 ndani ya mchemraba wenye ubavu wa zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru. Uigaji wa Illustris ulifuata mwaka 2014, na wa EAGLE mwaka 2015. Hiyo miwili haikuishia kwenye maada ya giza, bali ilijumuisha pia gesi, nyota na mashimo meusi katika eneo kubwa la ulimwengu.

Namna uigaji unavyoendeshwa

Hali ya mwanzo haibuniwi ovyo. Mwangwi wa mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka takriban 380,000 umepimwa kwa setilaiti, nao unaonyesha mahali ambapo maada ilizidi au ilipungua kwa kiasi kidogo sana. Tofauti za namna hiyo ndizo zinazopandwa katika kompyuta. Kisha uvutano huachiwa kazi: palipozidi huvuta zaidi, palipopungua huzidi kupungukiwa, hadi maada ya giza, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya maada yote, inapojifuma kama wavu. Gesi huingia katika mafundo ya wavu huo, hupoa, na kuzaa nyota.

Hapa neno *chembe* linaweza kumdanganya msomaji aliyelizoea katika somo la kemia. Katika Millennium, kila chembe iliwakilisha tungamo linalokaribia lile la Jua mara bilioni moja. Chembe ya uigaji ni kifurushi cha hesabu, si atomu wala nyota.

Kwa sababu hiyo kuna mambo mengi ambayo ni madogo mno kuweza kuhesabiwa moja kwa moja. Nyota inapolipuka, au shimo jeusi linapomeza gesi na kurusha nishati, tukio lenyewe huchukua nafasi ndogo kuliko kipimo kidogo kabisa cha uigaji wa aina hii. Lakini athari zake ni kubwa: uigaji wa awali ulioyapuuza uligeuza gesi nyingi mno kuwa nyota. Watafiti hulazimika kuweka *kanuni za makadirio*, na viwango vyake hurekebishwa hadi galaksi za kompyuta zifanane na za kweli katika vipimo fulani vilivyochaguliwa.

Kuundwa, kuundika, mageuzi, mageuko

Kauli za vitenzi vya Kiswahili zina msaada hapa. *Galaksi iliundwa* ni kauli ya kutendwa, nayo huacha swali la nani aliyeiunda. *Galaksi iliundika* ni kauli ya kutendeka, na haina mtenda. Galaksi za angani *ziliundika* kwa uvutano. Galaksi za kompyuta *ziliundikia* ndani ya programu ambayo *iliundwa* na watu. Sentensi hiyo moja inatenganisha kilicho cha mtafiti na kilichojitokeza chenyewe.

Vivyo hivyo, *mageuzi* yametokana na *geuza*, na kwa kawaida huwa na mwenye kuyaleta: mageuzi ya elimu, mageuzi ya kisiasa. *Mageuko* yametokana na *geuka*. Kwa galaksi ibadilikayo kutoka diski ya nyota changa hadi umbo la yai lenye nyota kongwe, neno linalofaa ni *mageuko*.

Picha, ushahidi na utabiri

Neno *picha* halitofautishi kilichopigwa kwa kamera na kilichochorwa. Matokeo ya uigaji huchapishwa kama picha za kuvutia, na mara nyingi msomaji haambiwi ni zipi zimetoka kwenye darubini. Maelezo yaseme wazi: *picha iliyopigwa kwa darubini*, au *picha iliyotokana na uigaji*.

La pili ni kitenzi *thibitisha*. Ikiwa viwango vya programu vilirekebishwa ili idadi ya galaksi kubwa na ndogo ilingane na ile ya kweli, ulinganifu huo hauthibitishi kitu. Ni sawa na mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani. Uzito uko katika yale ambayo hayakutumika kurekebishia. Illustris, kwa mfano, iliacha gesi kidogo mno katika makundi ya galaksi, kwa kuwa mashimo yake meusi yalitimua gesi kwa nguvu kupita kiasi. Kushindwa huko kulikuwa na faida: kulionyesha kanuni ipi ina dosari, na uigaji uliofuata, IllustrisTNG, ukapewa kanuni mpya ya mashimo meusi.

La tatu ni njeo. Mwaka 2012 vipimo vya mwendo wa Andromeda vilifanya habari nyingi zitangaze kwamba galaksi hiyo *itagongana* na Njia Nyeupe baada ya miaka takriban bilioni 4. Mwaka 2025 watafiti walirudia hesabu mara nyingi, wakibadilisha vipimo ndani ya mipaka ya kutokuwa na uhakika, tena wakijumuisha uvutano wa galaksi jirani. Walipata kwamba uwezekano wa kugongana katika miaka bilioni 10 ijayo ni karibu nusu kwa nusu. Kiambishi *-ta-* kilikuwa kimeahidi zaidi ya kilichojulikana. Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hilo kwa kipimo chake: *huenda zikagongana*.

Muhtasari wa matumizi

- *Uigaji wa galaksi* au *simulesheni ya galaksi*. Si *simulizi ya galaksi*.
- *Maada ya giza*. Si *mada ya giza*.
- *Umbali wa miaka ya nuru*. Si *miaka ya nuru iliyopita*.
- *Mageuko ya galaksi*. Si *mageuzi ya galaksi*.
- *Uigaji unaashiria* au *unakubaliana na vipimo*. *Umethibitisha* litumike pale tu ambapo vipimo huru vimeafiki.
- *Huenda zikagongana* kwa jambo lenye shaka. *Zitagongana* kwa jambo lisilo na shaka.