Jina la Uongo kwenye Daftari la Wageni

Marion Crane ameiba dola 40,000 za mteja wa ofisi yao mjini Phoenix. Usiku, mvua inamzidi nguvu barabarani, anakata kona na kuingia Bates Motel. Kijana wa mapokezi anamsogezea daftari. Anaandika Marie Samuels. Kwenye mji anakotoka anasita, jicho linatua kwenye gazeti alilobeba, naye anaandika Los Angeles.

Watu wakiizungumzia Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 iliyotokana na riwaya ya Robert Bloch, huzungumzia bafu na kisu. Mimi nilifanya kazi mapokezi ya gesti karibu na stendi ya mabasi Morogoro, zamu ya usiku, kwa hiyo nilichokiona mimi ni daftari. La kwetu lilikuwa na safu za jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Anayedanganya jina haendi mbali: Rehema anakuwa Rahma, Josephat anakuwa Joseph, kwa sababu mkono umeshaanza herufi ya kwanza kabla akili haijaamua. Marion naye kawa Marie, na hilo la Samuels kalichota kwa mpenzi wake, Sam. Mpelelezi Arbogast anapofika kumtafuta, Norman Bates, yule kijana wa mapokezi, anakana kumjua. Arbogast anaomba daftari, anatoa sampuli ya mwandiko wa Marion, anaweka moja kando ya nyingine. Kazi imekwisha. Kwangu hicho ndicho kipande bora kuliko vyote kwenye filamu ile.

Hadithi za uhalifu za namna hii Wafaransa ndio waliozipa jina la rangi nyeusi, noir, na mwaka 1945 kampuni ya Gallimard ikaanzisha mfululizo wa vitabu ulioitwa Série noire. Humo usimngoje Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, aje na kiko chake afumbue fumbo. Mtu wa kawaida anashikwa na tamaa, anafanya jambo moja baya, na kila anachofanya kujinasua kinazidi kumzamisha.

Mtu kama huyo anahitaji pa kulala. Hoteli ya mjini ina mlinzi, ina lifti, ina ukumbi uliojaa macho. Kwenye moteli unaegesha gari mlangoni mwa chumba chako, na aliyekuona ni yule mmoja tu wa kaunta. Iliyotangulia kuitwa hivyo ilifunguliwa San Luis Obispo, California, mwaka 1925. Mwaka 1934 James M. Cain alichapisha The Postman Always Rings Twice: mke na kibarua wanapanga kumuua mume mwenye mgahawa wa kando ya barabara, wenye pampu ya mafuta na vibanda vichache vya kulaza wasafiri. Mwaka 1940 mkuu wa FBI, J. Edgar Hoover, aliandika makala jaridani akizishambulia nyumba hizo kuwa maficho ya wahalifu. Alitaka kuwatisha watu. Kwa waandishi wa riwaya lilikuwa tangazo la bure.

Uchakavu ulikuja baadaye, na ulikuja na lami. Sheria ya Marekani ya mwaka 1956 ilianzisha ujenzi wa barabara kuu mpya nchi nzima, nazo zikaruka miji mingi midogo. Magari yalikatika, rangi ikabanduka, taa za bango hazikubadilishwa. Norman mwenyewe anamweleza Marion: vyumba 12, vyote vitupu, barabara imehamishwa. Biashara ikifika hapo, nani atauliza mgeni ametoka wapi? Kwenye Memento, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2000, mhudumu anampangisha vyumba viwili kwa mpigo mteja asiyeweza kutunza kumbukumbu, kisha anakiri kwamba hali ni ngumu. Nilicheka peke yangu. Namjua yule mhudumu, na bosi wake pia namjua.

Lakini waandishi hawa karibu wote hukaa upande wa mgeni. Nyuma ya kaunta wanaweka kichaa au mlevi, basi. Wakati huohuo, kuanzia miaka ya 1970, moteli nyingi chakavu za Marekani zilinunuliwa na familia za Kigujarati, baadhi zikiwa zimetoka Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mira Nair aliwagusa kwenye filamu yake Mississippi Masala ya mwaka 1991, ambamo Jay, mmoja wa waliofukuzwa, anaishi kwenye moteli ya ndugu zake huku akiidai serikali ya Uganda mali yake. Lakini ile ni filamu ya mapenzi, si ya uhalifu. Mtu aliyewahi kuhama nchi kwa amri ya muda mfupi anaweza kuutambua uso wa anayekimbia kabla kalamu haijagusa daftari. Mwandishi atakayemweka huyo kaunta, saa nane usiku, gari geni likiingia, mimi nitanunua kitabu chake.